Uzinduzi wa Kikosi cha Kujaza Pengo, Kituo cha Afya Nyamalulu

(Mgeni rasmi anasimama. Kipaza sauti kinapiga mluzi. Kinapigwa kofi, kinatulia.)

Ndugu mwenyekiti wa hafla, ndugu makamu mwenyekiti wa hafla, ndugu msaidizi wa makamu mwenyekiti ambaye namwona amekaa juani ingawa cheo chake ni cha kivulini. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Maandalizi, waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Kuandaa Kamati ya Maandalizi. Viongozi wetu wa dini zote, waliofika na wanaotuombea wakiwa njiani. Mama Manjula, aliyefunga duka lake pale Nyamagana akapanda kivuko kuja kutuwakilishia wafanyabiashara. Wazee maarufu, wazee wa kawaida, na wazee ambao bado tunawafanyia uchambuzi wa daraja. Wavuvi wa mwaloni, wafugaji, wakulima wa pamba na wa mpunga, waendesha bodaboda mliozima injini kwa heshima na ninyi ambao bado mnatafakari. Kwaya, wacheza ngoma, mshereheshaji wetu ndugu Elias, na wananchi wote ambao muda haunitoshi kuwataja mmoja mmoja ingawa moyo unatamani: itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, naagiza izingatiwe kuanzia sasa hivi. Mwangaluka.

(Wazee wanacheka. Sauti: "Hiyo ni ya asubuhi, mheshimiwa. Mchana huu tunasema mwadila, jua limeshapinduka.")

Nashukuru kwa masahihisho, mzee wangu, lakini ratiba niliyonayo mkononi inasema mgeni rasmi atasalimia asubuhi, nami sikuletwa hapa kugombana na ratiba. Kama kuna aliyekosea, ni jua. Mwangaluka kwa mara nyingine.

(Wachache: "Mwangaluka.")

Kwa wale ambao mmenisikia redioni tu, mimi ndiye Dokta Venant Lukelesha, Mratibu Mwandamizi Mwambata wa Utayari, Kanda Ndogo ya Pwani ya Ziwa, na huo udokta ni wa heshima, ambao ukiutazama vizuri ni mzito kuliko ule wa kusomea, kwa sababu ule wa kusomea mtu anautafuta, huu wa heshima ulinitafuta mimi. (Makofi kutoka meza kuu.) Na leo nimesimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyo na kifani, furaha ya kiutendaji, kuzindua kwa kishindo Mpango Kabambe wa Utayari Dhidi ya Upungufu wa Watumishi Wakati wa Dharura, ambao kwa kifupi tunauita MKUDUWADHA, na naomba tuseme wote.

(Mtu mmoja: "Mkuduwa." Kicheko.)

Mtazoea. Hata mimi nilijifunza kulitamka katika semina. Sasa, ndugu wananchi, upungufu ni nini? Mtu wa mtaani atakwambia upungufu ni kukosa watu. Hiyo ni lugha ya mtaani. Sisi wa strateji na fremuweki tunatenganisha upungufu wa kawaida na upungufu wa dharura, na tofauti yake ni kubwa kama ziwa hili. Upungufu wa kawaida ni pale kituo kinapostahili watumishi wengi kikawa na mmoja. Upungufu wa dharura ni pale yule mmoja anapokwenda msalani. Huo wa kawaida tumeuzoea, tumeishi nao, ni ndugu yetu. Lakini huu wa pili ndugu zangu unaweza kuua mtu, na ndiyo maana Serikali yenu sikivu, kupitia mimi, imesema hapana.

(Makofi. Vigelegele vifupi.)

Na hapa Nyamalulu nawapongeza sana, kwa sababu nimepokea takwimu asubuhi hii zikanitoa machozi. Mahudhurio ya watumishi wa kituo hiki katika hafla ya leo ni asilimia mia moja. Hakuna hospitali yoyote nchini, hata zile za ghorofa, iliyowahi kufikisha watumishi wake wote kwenye mkutano mmoja. Naomba watumishi wote wa Kituo cha Afya Nyamalulu wasimame tuwaone.

(Anasimama mwanamke mmoja mwenye sare ya kiuguzi, ameshika sinia lenye kitambaa na mkasi.)

Huyu ni Muuguzi Paskazia. Mpigieni makofi. (Makofi marefu. Sauti: "Nesi wetu huyo.") Kaa, mwanangu, kaa. Mganga mfawidhi, ndugu Yeremia, hayupo kwa sababu nilimpeleka mwenyewe Dodoma kwenye semina ya upungufu wa watumishi, na mtaalamu wa maabara yuko kwenye semina ya ufuatiliaji wa semina hiyo, na kwa hiyo hao hatuwezi kuwahesabu kama upungufu, wale ni uwekezaji. Muuguzi Paskazia leo amepewa majukumu mtambuka: amesoma risala, ameimba sauti ya pili kwenye kwaya, na sasa anashika mkasi wa kukatia utepe, mkasi ambao ni wa kituo chenu wenyewe, maana tunaamini katika kutumia rasilimali za ndani. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Nawaheshimu wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kukijengea uwezo kidole.

(Kicheko. Bodaboda inaingia uwanjani kwa kasi. Mwanamke mjamzito anashushwa akiwa ameshika kiuno. Watu wanapisha.)

Naona kikundi cha maigizo kimeingia kabla ya zamu yake. Si vibaya, vijana wana hamasa. Ndugu Elias aliniarifu kwamba baada ya hotuba kutakuwa na igizo la mama aliyefika kituoni akakosa huduma, kabla ya ujio wa mpango wetu, na kwa kweli nimeona maigizo mengi katika uongozi wangu, nimeona wanawake wamefunga mito tumboni mpaka mto unachungulia, lakini huyu binti, tazameni jasho lile, tazameni anavyouma ukingo wa kanga. Hicho ni kipaji. Naagiza Idara ya Utamaduni imchukue.

(Mwanamke mzee anapita katikati ya viti mpaka mbele ya meza kuu.)

Mama, igizo linaanzia kule pembeni. Lakini shikamoo kwanza.

("Marahaba, baba. Mimi naitwa Wilhelmina. Yule ni Sabina, mkwe wangu. Ni uchungu umemshika tangu alfajiri, na mtoto yuko karibu. Tumempitisha mlangoni kwa nesi, mlango umefungwa. Naomba nesi.")

Mnasikia, ndugu wananchi? Amekariri kila neno, wala hajatazama karatasi. Mimi kiongozi wenu siwezi kuzungumza hivyo bila karatasi.

(Muuguzi Paskazia anainuka. Ndugu Elias anamshika bega na kumrudisha kitini: "Sista, itifaki. Hainuki mtu mgeni rasmi akiwa anazungumza.")

Ahsante, ndugu Elias, hiyo ndiyo sisitimu. Mtu akiinuka ovyo wakati wa hotuba, kesho atainuka ovyo wakati wa kazi. Nikirudi kwenye hoja yangu ya kapasiti—

("Baba," anasema Wilhelmina, "mimi siigizi. Nimezaa watoto wengi, namjua mtoto anayekuja. Huyu anakuja. Ukiendelea kusema hivyo atazaliwa hapa kwenye vumbi, na akifa mimi sitakuwa na wa kumlaumu isipokuwa hicho kipaza sauti chako.")

(Mgeni rasmi anamnong'oneza Elias. Elias anatikisa kichwa.)

Ndugu wananchi. Nimepokea taarifa ya kiufundi kwamba hili si igizo. (Manung'uniko.) Naomba utulivu. Hili si igizo, hii ni dharura, dharura kamili, yenye viwango, na nataka niwaambie kitu kutoka ndani ya moyo wangu: nimefurahi. Nimefurahi mno. Kule ofisini tulikaa mezani kutwa nzima tukijiuliza tutaipata wapi dharura ya kuonyeshea mpango huu, tukaandika hata barua ya kuomba dharura kutoka kanda nyingine, na kumbe Nyamalulu mnayo ya kwenu, imejileta yenyewe, tena haikudai posho. Mama Wilhelmina, ahsante sana. Binti Sabina, kaza moyo, umeingia kwenye historia. Sasa shuhudieni. Wale vijana wenye makoti meupe mnaowaona wamejipanga pale kando ya hema, wale ndio Kikosi cha Akiba cha Kujaza Pengo. Wale wapo kwa ajili ya dakika kama hii. Kikosi, mguu sawa.

(Wenye makoti meupe wanasimama wima. Wananchi wanapiga makofi kwa nguvu. Sabina anapiga kelele.)

Kikosi, toeni huduma.

(Hakuna anayesogea.)

Kiongozi wa kikosi, njoo hapa mbele. Taja jina na uzoefu wako, wananchi wapate imani.

("Naitwa Machibya, mheshimiwa. Uzoefu wangu ni ng'ombe. Na mbuzi, wakati wa sikukuu.")

Mnaona? Huo ndio mkabala wa sekta mtambuka. Afya na mifugo kwa pamoja. Na hao ng'ombe, ndugu Machibya, umeshawahi kuwazalisha?

("Hapana, mheshimiwa. Mimi wakinifikia, mambo yao ya kuzaa yameshakwisha.")

(Kicheko kinaenea mpaka kwenye kwaya. Mama Manjula anajifunika uso kwa mtandio. Muuguzi Paskazia anasimama, anamwondoa Elias mkono begani.)

Sista Paskazia, sijakuruhusu, bado sijafika kwenye kipengele cha—

("Nisamehe, mheshimiwa. Utaendelea na hawa wengine," anasema Paskazia. Anachukua sinia na mkasi wake, anakwenda mbio. Wananchi wanamfungulia njia. "Wewe wa ng'ombe," anamwambia Machibya, "una mikono yenye nguvu. Mbebe huyu dada taratibu, unifuate." Machibya anambeba. Wilhelmina anawafuata.)

(Makofi marefu kuliko yote ya siku ile.)

Ahsanteni kwa makofi. Mmenigusa. Na sasa, ndugu zangu, kwa macho yenu mmeona hali ya upungufu wa dharura: mtumishi aliyekuwa amekaa pale ameondoka ghafla, na kiti chake kiko wazi. Kiko wazi mbele ya meza kuu, mbele ya viongozi wa dini. Zamani, kabla ya mpango, kiti kile kingekaa wazi mpaka jioni. Sasa hivi sivyo. Wewe kijana wa pili kwenye mstari, ndiyo wewe, njoo. Kaa. (Kijana mwenye koti jeupe anakaa kwenye kiti cha Paskazia.) Pengo limejazwa. Kabla hamjapepesa macho, pengo limejazwa. Nani mwingine pwani hii ya ziwa ameshawahi kuwafanyia hivyo?

(Sauti kutoka nyuma: "Amekaa tu, huyo.")

Amekaa, ndiyo, na kukaa ndiyo hatua ya kwanza ya implementesheni. Mnataka akimbie kabla hajakaa? Nimearifiwa pia kwamba mama yule amelazwa katika chumba cha kujifungulia, ambacho kwa siku ya leo kilikuwa kimetengwa kuwa chumba cha mapumziko cha mgeni rasmi, kikiwa na sofa, mapazia na samaki wangu, sato wa kuchoma aliyefunikwa. Natangaza hapa hadharani kwamba nimekitoa. Nimekitoa kwa hiari. Sofa nimelitoa. Kuhusu yule sato, naomba asogezwe tu dirishani.

(Kicheko. Kelele ya Sabina inasikika kutoka ndani. Wanawake wa kwaya wanasimama wote.)

Kaeni, kina mama, kaeni, nafika kwenye takwimu. Utafiti wa ofisi yangu unaonyesha kwamba asilimia themanini ya dharura hutokea bila kutarajiwa, na asilimia ishirini zilizobaki hutokea wakati zilipotarajiwa lakini hakuna aliyekuwepo. Ndipo tukasema, kama dharura hazijui ratiba, basi tuzifundishe ratiba. Kwa mujibu wa mpango huu, ifikapo kipindi cha pili cha utekelezaji wa awamu ya kati, kila mgonjwa wa ghafla atakuwa na uwezo wa kuwasilisha nia yake ya kuugua kupitia kwa mtendaji wa kijiji, na mama mjamzito—

(Kelele nyingine, ndefu. Halafu ukimya. Watu wote wanageuza shingo kuelekea kituoni. Hata wajumbe wa meza kuu wanageuka.)

—na mama mjamzito atakuwa, kama nilivyosema, atakuwa na… Mbona kimya? Mmechoka? Elias, kipaza sauti kinafanya kazi?

(Sauti ya mtoto mchanga inalia ndani. Uwanja unalipuka kwa vigelegele. Wanawake wanakimbia. Waendesha bodaboda wanapiga honi. Mzee mmoja anarusha kofia.)

Ahsanteni. Ahsanteni sana. Nilijua kipengele cha mjamzito kitawafurahisha, hata kule Nyegezi nilipokisoma watu walisisimka, lakini si kwa kiwango hiki, hiki ni kiwango cha juu kabisa, jamani mnaniliza— Nini, Elias? Amezaliwa? Nani amezaliwa? Aa.

(Mgeni rasmi anatoa kitambaa, anajifuta uso. Anaonekana kulia kwelikweli.)

Ndugu wananchi, niseme ukweli wangu. Mimi pia ni mzazi. Mtoto akilia vile, hata cheo kinatetemeka. Nimefurahi kuliko karatasi hii inavyoniruhusu. Na kwa mamlaka niliyonayo namtangaza mtoto huyu kuwa matokeo ya kwanza yanayopimika ya MKUDUWADHA, na kwa heshima hiyo ninaipa familia jina langu bure, Venant, au kama ni wa kike, Venansia.

(Wilhelmina anarudi uwanjani, mikono ikiwa na maji. "Ahsante, baba, lakini ameshapata jina. Ni wa kiume. Mama yake amemwita Paskali, kwa ajili ya nesi. Na nesi anauliza, wewe umesema unaleta watumishi. Leo alfajiri alikuwa peke yake, na juzi alikuwa peke yake, na mama mwingine alijifungulia mlangoni yeye akiwa anamshona mvuvi jeraha. Anauliza, hao watu wako wanaanza kazi lini?")

(Wananchi wote wanamtazama mgeni rasmi.)

Swali zuri. Swali zuri sana, na linanipa nafasi ya kutokulijibu kwa haraka, kwa sababu majibu ya haraka ndiyo yaliyotufikisha hapa. Swali hili nimelipokea, nimelibeba, nitalipeleka mahali stahiki, likikua litajibiwa. Kwa sasa, kwa sababu muda umekwenda, tuingie moja kwa moja kwenye kukata utepe. Mkasi, tafadhali.

(Elias anaeleza kwamba mkasi uko ndani, umekata kitovu.)

Basi utepe tutaufungua kwa mkono, kama kamba ya kiatu. (Anavuta. Fundo linakaza. Anavuta tena. Nguzo ya hema inainama, kwaya inaishika.) Tuhesabu umekatwa. Makofi. (Makofi machache.) Sasa nataka kaulimbiu, kwa sauti, mpaka Sengerema wasikie. Nikisema pengo, mseme lijazwe. Pengo.

("Lijazwe.")

Dharura.

("Ije.")

Hapana, dharura isije. Basi, mradi mmeitika. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

(Sauti ya mzee: "Mwenyeji amepona kwa nesi.")

Nimalizie kwa shukrani, maana moyo usio na shukrani hukausha mema mengi. Namshukuru Mama Manjula kwa kutukodishia hema hili la harusi pamoja na viti vyake, ambavyo anavihitaji jioni. Namshukuru ndugu Alkarim, mchoraji, kwa bango zuri lenye jina la mpango, na kwa ubunifu wake wa kulifanya jina la kijiji liwe la kubandua na kubandika. Namwomba alibandue sasa taratibu lisichanike. Kwa namna ya pekee namshukuru Mzee Mashimba, kwa kukubali kufunga bucha zake zote kwa siku moja na kutuazima vijana wake wa kukata nyama pamoja na makoti yao, ambayo ameyafua mwenyewe mpaka damu haionekani. Nawashukuru waliobuni mpango huu kwa kutouharakisha mpaka kwenye hatua ya kuajiri mtu. Na ninyi wana Nyamalulu nawashukuru kwa kuupokea, kuushuhudia, na sasa kuuaga, kwa sababu lori linaondoka. Tunatakiwa kukizindua kikosi hiki hiki Bulyambiti kabla jua halijazama, na wananchi wa kule wamesubiri tangu asubuhi, nao wana muuguzi wao ameshika mkasi. Kwa upande wa hapa, huduma zitaendelea chini ya utaratibu uliokuwepo, yaani Muuguzi Paskazia.

(Vijana wenye makoti wanapanda lori. Elias anamnong'oneza mgeni rasmi kwa muda mrefu.)

Jambo la mwisho kabisa, kabla kipaza sauti hakijazimwa. Naambiwa yule Machibya hajapanda. Naambiwa yuko ndani ya kituo, amevua koti akamfunikia mtoto, anamchotea nesi maji, na alipoitwa amejibu kwamba haji, kwa kuwa nesi yuko peke yake. Ndugu Machibya, kama unanisikia, na najua unanisikia kwa sababu vipaza sauti hivi vinafika mpaka mwaloni: hongera kwa moyo huo, lakini weka ndoo chini, chukua koti, upande lori mara moja. Usipokuja, kikosi cha Bulyambiti kitakuwa na upungufu wa watumishi.